Uongo Nilioufuata Mpaka Mamboya

Jumamosi ile siisahau, mwanangu, na wala sijajaribu kuisahau. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimevaa viatu vya kuazima, nimesimama katikati ya mtaa wa zamani pale Kilosa, na watu kumi na wanne wananitazama wakisubiri niseme. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimekwisha kulichafua jina la mtu mwema aliyelala kaburini, na watu wakanipongeza kwa kazi hiyo.

Nakueleza haya leo kwa sababu mama yako ameniambia kwamba umeanza kuwapokea vijana wanaoshuka na treni ya umeme mwisho wa wiki. Unawatembeza mjini, unawaonyesha boma la Wajerumani na stesheni ya zamani, unajirekodi kwa simu, na maneno yako yanasikika mpaka nchi ambazo mimi sizijui hata kwa jina. Sikukuita nikukataze. Kunywa chai yako, unisikilize mpaka mwisho, na hiyo simu igeuze kifudifudi kidogo.

Mimi ni mtu wa Ulaya, unajua, kile kijiji cha huko Kilosa, si Ulaya ya Wazungu. Kwetu tulilima mpunga na ufuta, na Kilosa tulikwenda kwa baiskeli siku za lazima tu: hospitali, bomani, au kununua vitambaa vya sikukuu. Nilipomaliza shule nikapata kazi Mikumi, katika nyumba ya wageni ya mzee mmoja ambaye sisi wafanyakazi tulimwita Bosi. Wageni walikuja kwa ajili ya wanyama wa mbugani. Nilipokea mizigo, nikatandika vitanda, na kwa kuwa nilijaliwa ulimi mwepesi, jioni nilikaa barazani nikiwapigia soga mpaka wanasahau chakula. Nilijua kuongea, mwanangu. Nilidhani huko ndiko kujua.

Basi wakaja wanachuo wa ualimu kutoka nyanda za juu kusini, kumi na watatu, pamoja na mkufunzi wao, Mwalimu Chengula. Ijumaa walikwenda kutazama wanyama. Jumamosi na Jumapili walitaka kuutembelea mji wa kihistoria, kwa sababu walikuwa wamesoma kwamba misafara ya zamani kutoka pwani ilipita Kilosa ikifuata bonde la mto Mkondoa. Mtu aliyezoea kuwatembeza wageni huko alikuwa kitandani na homa. Bosi akaniita.

"Zaituni, wewe ni mtoto wa huko huko. Utawapeleka."

"Bosi, habari za zamani za Kilosa sizijui. Najua soko na hospitali."

Akacheka. "Wageni wanataka kusisimka. Wasimulie kitu. Nani atakwenda kukagua?"

Ningeweza kukataa. Ningeweza pia kuomba ruhusa niondoke Ijumaa ile ile, nilale kwa shangazi yangu Magomeni, ile ya Kilosa, nizunguke kuwauliza wazee. Sikufanya hata kimoja. Nilitafuta viatu vya kuazima kwa mwenzangu wa jikoni, nikapiga pasi gauni langu, nikalala usingizi mzuri kabisa.

Asubuhi tukapanda basi la chuo. Bomani nilibahatika, karani mmoja alikuwepo na alijua kueleza. Stesheni nako mkuu wa stesheni alipenda kusikika, akaongea mpaka wageni wakaanza kusogea wenyewe. Lakini tulipoingia mtaa wa nyumba za mawe, upande wa mtoni, hapakuwa na karani wala mkuu wa stesheni. Nilibaki mimi. Jua limeanza kuchoma, watu wanapiga miayo. Mwanachuo mmoja, msichana wa rika langu aitwaye Atupele, akaniuliza kwa upole, "Dada, hizi nyumba zilikuwa za nani?"

Nikamwona anaanza kulifunga daftari lake. Nikaogopa. Yaani niliogopa kuonekana sijui kuliko nilivyoogopa kusema uongo, na mpaka leo nikikaa peke yangu naitafakari hofu ile na kuishangaa.

Mbele yetu palikuwa na nyumba moja fupi ya mawe, na katika ukuta wake, kimo cha kifua, ilichomoza pete ya chuma nene kama kidole gumba. Juu ya mlango, kwenye ubao, palikuwa pamechongwa jina: Saidi. Basi mdomo wangu ukafunguka. Nikasema nyumba ile ilikuwa ya tajiri wa kuuza watumwa aliyeitwa Saidi. Nikasema minyororo ilifungwa kwenye pete ile, watu ishirini kwa mara moja, wakisubiri kupelekwa pwani. Nikasema aliyelia alimwagiwa maji. Kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyoona macho yao yakikua, na kadiri macho yao yalivyokua ndivyo nilivyoongeza. Madaftari yote yakafunguka. Atupele alikuwa anafuta machozi huku anaandika. Mwalimu Chengula akanipa mkono, akasema, "Hii ndiyo safari ya mafunzo."

Barazani kwa nyumba ile ile, hatua tatu kutoka niliposimama, alikuwa amekaa mama mtu mzima akipepeta mchele. Sikuwa nimemwamkia. Nilimchukulia kama sehemu ya nyumba. Alikuwa ameacha kupepeta, ungo umetulia mapajani, ananitazama. Wageni walipotangulia kuelekea kwenye tuta la mto, akaniita kwa sauti ya chini.

"Binti. Ukimaliza na wageni wako, pita hapa."

Wageni wakala chakula cha mchana kwa mama lishe mmoja karibu na soko. Hapo watatu kati yao, Atupele akiwa mmojawapo, wakatuaga. Walikuwa wamepata nafasi katika gari la kanisa lililokuwa linapanda Mamboya, wakaone misheni ya zamani, walale huko, na kutoka huko waendelee na safari ya Dodoma kwenye shule walizopangiwa kufundisha kwa majaribio. Nikawapungia mkono. Sikujua kwamba nilikuwa naupungia uongo wangu ukiondoka.

Alasiri nikarudi kwa yule mama. Bado nilijidanganya kwamba labda anataka kuniagiza kitu Mikumi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hiyo ilikuwa yangu tangu asubuhi." Akanisogezea kigoda. "Wewe ni wa wapi?"

"Wa Ulaya, bibi. Mtoto wa Mzee Ramadhani wa kukamua ufuta."

"Namfahamu. Mtu mpole. Basi kaa, tusemezane kama watu wanaojuana."

Aliitwa Bi. Mwanahawa, na Saidi wa ule ubao alikuwa baba yake mzazi.

Hakunifokea, mwanangu. Afadhali angenifokea. Alinieleza taratibu, kana kwamba ananifundisha njia ya kwenda kisimani. Baba yake alikuwa nyampara wa reli, akisimamia vibarua waliotengeneza njia ya treni. Nyumba ile aliijenga kwa mikono yake, mawe akiyatoa mtoni wakati wa kiangazi. Mwaka mmoja akaona mto unavyokula kingo, akafua ile pete karakana, akaipachika ukutani, majirani wakamcheka kwamba anafuga punda asiyeonekana. Masika yaliyofuata Mkondoa ukavunja kingo zake. Maji yakafika kifuani mtaa mzima. Saidi akafunga kamba ya katani kwenye pete ile, akaogelea na ncha ya pili mpaka kwenye tuta la reli, akaifunga huko. Mtaa mzima ulitoka kwa kushika kamba ile, watoto wakiwa mabegani.

"Mimi nilikuwa mgongoni kwa mama," akasema. "Sikumbuki. Lakini mama aliikumbuka kila mvua iliponyesha."

Nilikuwa natazama vile viatu vya kuazima.

"Na kama ulitaka habari za watumwa," akaendelea, "zipo. Bibi yangu, mama yake huyo Saidi, alikuwa mmoja wao. Alitekwa akiwa msichana, mbali huko bara. Msafara ulipolala bonde hili akatoroka. Wasagara wa milimani wakamficha, wakamlea, wakamwoza. Sasa wewe leo umesimama mbele ya mlango wetu ukamfanya mwanawe kuwa mwuzaji."

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie. Halafu akasema neno ambalo nimeishi nalo maisha yangu yote: "Nilikuwa hapa, napepeta mchele. Hatua tatu. Ulishindwa hata kuniuliza?"

"Mbona hukunikatiza, bibi? Mbele yao?"

"Wageni wako walikuwa hawajanikosea. Na wewe ni mtoto wa watu, nisingekuvua nguo barabarani."

Nikapiga magoti, nikamwomba msamaha. Akaniwekea mkono kichwani. Akasema, "Mimi nimekusamehe, mwanangu. Ila msamaha wangu unaishia hapa barazani. Hauwezi kufika kule maneno yako yalikofika."

Pale ndipo nilipoelewa kazi iliyokuwa mbele yangu. Nikasimama, nikamwambia, "Nitayafuata." Hakunisifu. Akachukua ungo wake, akasema, "Basi nenda, jua linashuka."

Nikawakuta wale kumi na mmoja kwenye nyumba waliyofikia, wanafua soksi na kucheka. Nikawaomba wakae. Nimewahi kuzaa mara tano, mwanangu, na nimewahi kuzika, lakini dakika zile naziweka karibu na mambo hayo. Nikasema, "Habari niliyowapa asubuhi kuhusu nyumba ile niliitunga. Hakuna hata neno moja la kweli isipokuwa jina." Nikawaeleza ya Saidi na ya mama yake kama nilivyoyasikia.

 Kijana mmoja akacheka kwa kejeli. Mwalimu Chengula akavua miwani.

"Hawa wanakwenda kuwa walimu," akasema. "Kila mmoja atasimama mbele ya watoto hamsini. Unajua ulichotaka kuwapandikiza?"

"Najua, mwalimu."

"Kesho hatutakuhitaji. Tutajitembeza wenyewe."

"Sawa, mwalimu. Lakini kesho naomba mpite kwa Bi. Mwanahawa. Mumsikie mwenyewe. Na mimi kesho nakwenda Mamboya."

Akanitazama upya. "Mamboya? Kwa ajili ya wale watatu?"

"Wakishaondoka huko sitawapata tena."

Shangazi yangu wa Magomeni alinipinga sana. Aliona nimechanganyikiwa: msichana peke yake, safari yote ile, kwenda kujitangaza mwongo kwa watu ambao hatawaona tena maishani. "Ungewaandikia barua," akasema. Lakini anwani zao sikuwa nazo, na nilijua nikiruhusu barua, nitaruhusu pia kutoiandika. Baada ya sala ya alfajiri nikapata nafasi kwenye lori lililokuwa linakwenda Gairo kupakia mahindi. Nilikaa juu ya magunia matupu, vumbi likanibadilisha rangi. Njia panda ya Mamboya nikashuka, nikaanza kupanda kwa miguu. Vile viatu vya kuazima vilinichubua visigino mpaka nikavivua, nikavibeba mkononi. Kila mlima nilioumaliza ulinionyesha mwingine. Nilikaa chini mara moja tu, kwenye jiwe, nikajiuliza kama Bi. Mwanahawa angejua nimeishia pale. Nikajijibu kwamba yeye asingejua, lakini mimi ningejua. Nikaondoka.

Nilipofika ibada ilikuwa inaendelea. Nilisikia nyimbo tangu chini ya mlima. Mimi ni Mwislamu na sikujua taratibu zao, kwa hiyo nikasimama nje, upande wa kivuli cha kanisa, nisubiri watoke. Kumbe nyuma ya kanisa watoto walikuwa wamekalishwa kwenye nyasi kwa ajili ya shule yao ya Jumapili, na aliyekuwa anawafundisha alikuwa Atupele.

Nikaisikia hadithi yangu, mwanangu. Nikaisikia kwa sauti ya mtu mwingine, mtu mwaminifu asiyejua kwamba anadanganya. Na ilikuwa imekua kwa siku moja tu. Watu ishirini walikuwa wamekuwa mia. Palikuwa na shimo chini ya nyumba ambalo mimi sikulitaja. "Na huyo mtu mbaya," Atupele akawauliza watoto, "aliitwa nani?" Watoto wote wakaitika kwa pamoja, sauti zikagonga ukuta wa kanisa: "Saidi!"

 Nilitamani ardhi inifiche. Lakini nilikuwa nimetembea mlima ule wote kwa sababu ya neno lile lile, basi nikajitokeza, nimejaa vumbi, viatu mkononi.

"Atupele," nikasema. "Habari hiyo ni ya uongo. Niliitunga mimi."

Alinitazama kama mtu anayeota. Nilipomaliza kueleza, uso wake ulikuwa umebadilika. "Nimelia kwa ajili yako," akasema. "Jana nimelia, na leo nimewaliza watoto wa watu. Kwa nini?"

"Niliona unafunga daftari."

 Ibada ilikuwa imekwisha, watu wazima wanatoka, na mwinjilisti, mzee mmoja mwenye mvi na koti lililochakaa, akaja kuuliza kuna nini. Nikamweleza na yeye. Akafikiri kidogo, halafu akawaambia wazazi wasubiri, watoto wasiondoke.

"Binti," akasema, "watoto wamelisikia jina la mtu likitajwa kwa ubaya. Simama hapa walisikie kama linavyostahili. Taratibu, usikimbie."

Nikasimama. Safari hii sikuongeza kitu. Niliposahau nilisema nimesahau. Mtoto mmoja wa kike aliponiuliza kamba ilikuwa na urefu gani, nikasema, "Sijui, sikuuliza." Hilo, mwanangu, lilikuwa ndilo jibu la kweli la kwanza nililolitoa tangu nianze kazi ya kusimulia, na halikuniua. Atupele akafungua daftari lake, akachora mstari mrefu kwenye ukurasa wa jana, akageuza karatasi mpya.

"Rudia toka mwanzo," akasema. "Polepole. Niandike."

Wale wenzake wawili nao wakaandika. Mke wa mwinjilisti akanipa uji na maji ya kuosha visigino.

Usidhani mambo yalininyookea baada ya hapo. Niliporudi Mikumi, Bosi alikwisha kupata habari. Akasema nimemwaibisha mbele ya chuo kizima kwa jambo ambalo hakuna mtu angeligundua, akaniambia nikusanye vitu vyangu. Nikarudi Ulaya kulima. Watu walinicheka, wapo walioniita mwenye kutubu hadharani. Lakini kila Jumamosi nilichukua baiskeli na daftari la mistari, nikaenda Kilosa kwa Bi. Mwanahawa. Alinituma kwa rafiki yake aliyekuwa mke wa fundi wa reli, naye akanituma kwa mzee aliyezaliwa kwenye mashamba ya mkonge, naye akanituma kwingine. Wengine walikataa kuongea nami. Wengine walinisimulia mambo yaliyopingana, na nikajifunza kuandika yote mawili na kutaja nani kasema lipi. Mpaka Mwalimu Chengula, baada ya miaka kadhaa, akanitafuta yeye mwenyewe, akanikabidhi kundi lake jipya. Ndiyo kazi niliyoifanya mpaka magoti yalipokataa.

Na bado uongo ule sikuukamata wote. Miaka mingi baadaye mgeni mmoja alikuja kutoka mbali, akaniomba nimpeleke kwenye nyumba ya mwuza watumwa yenye pete. Sijui aliisikia wapi. Labda kuna kijana kwenye basi lile aliyekwisha kumwandikia mtu kabla ya jioni. Bi. Mwanahawa alikuwa amekwisha kufariki. Nikamkalisha yule mgeni, nikamweleza yote, tangu viatu vya kuazima. Kesho akija mwingine nitamweleza tena. Sijachoka na sitachoka, maana niliahidi kuyafuata.

Basi shika haya, mwanangu. Mji unaowaonyesha wageni wako una wenyewe. Kila ukuta unaouelekezea kamera una watu waliolala nyuma yake, na wengi wao wana watoto ambao wapo hai, wanafagia uwanja, wanauza vitumbua, wanakuangalia ukipita. Waamkie kwanza. Waulize kabla hujasema, na wakikuambia jambo lisilosisimua, lichukue hivyo hivyo. Usiogope kumwambia mgeni kwamba hujui. Mgeni mwenye akili atakuheshimu, na asiye na akili hana haja ya kukuheshimu. Ukiteleza, na utateleza kwa kuwa ni binadamu, usingoje mtu akugundue. Futa siku hiyo hiyo, hadharani, kwa sauti ile ile uliyotumia kukosea. Mimi nilikuwa na watu kumi na wanne, na ilinichukua mlima mzima kuwafikia watatu. Wewe maneno yako yanawafikia maelfu kabla chai haijapoa. Uongo wako hutaweza kuufuata kwa miguu, kwa hiyo uzuie mdomoni.

Nenda sasa, kafanye kazi yako kwa bidii, na usikubali mtu yeyote akuambie kwamba hakuna atakayekagua. Mungu akupe masikio mapana na ulimi wenye subira. Akufungulie milango ya watu wa Kilosa, wakukaribishe ndani na wakukabidhi majina ya wazee wao. Wageni wako wafike salama na warudi kwao na kitu cha kweli mkononi. Na wewe mwenyewe, siku utakapokuwa huwezi tena kujisemea, Mungu akujalie watakaokutaja kama ulivyokuwa. Amina.